Beki Niliyemtoa Uwanjani

Mkuu wa chuo aliiweka fomu yangu ya uhamisho chini ya kopo la chaki, mezani kwake, mahali ambapo ningeiona kila nikiingia. Ilibaki sahihi yake tu. Niliomba kwenda Nairobi, ambako klabu niliyoichezea nikiwa chuo kikuu ilikuwa bado inanitaka. Hapa karibu na Amagoro nilikuwa nikiwafundisha wasichana wa ualimu hesabu asubuhi na mpira wa magongo jioni, kwenye uwanja ambao mpira ukigonga kichuguu hujui utakwenda wapi.

"Utaenda, mwalimu," aliniambia. "Lakini timu inashinda. Mtu anayeshinda nitamwachaje?"

Alisema akicheka. Mimi nilitoka na maneno hayo kama mtu aliyepewa mtihani. Kama kushinda ndiko kulikonifunga, kushindwa kungenifungua? Au alikuwa anatania tu? Na kama alikuwa anatania, mbona fomu haisainiwi? Wiki nzima nilisahihisha madaftari nikiwaza hayo, na nikaweka alama za kosa kwenye majibu yaliyokuwa sahihi.

Jumamosi walikuja wasichana wa chuo kimoja cha upande wa Butula. Madereva wa malori waliokuwa wakingoja kuvuka mpaka pale Malaba walikuja kutazama, kama kawaida yao, na kutukejeli kwamba tunawinda nyoka kwa fimbo.

"Mama, huyo nyoka ameingia shimo gani?" mmoja alimwuliza mshambuliaji wetu, alipokuwa ameinama na gongo lake.

"Njoo karibu nikuonyeshe," akajibiwa.

Beki wangu wa kushoto alitoka Moding. Hakuna aliyempita. Gongo lake lilinunuliwa Tororo kwenye duka la Mhindi, kabla mwenye duka hajafukuzwa Uganda pamoja na wenzake. Lilipopasuka hatukuwa na mahali pa kununua lingine, kwa hiyo alilifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, akavivuta kwa meno mpaka vikakaza.

Hadi mapumziko tulikuwa tunaongoza bao moja kwa bila. Nikamwita.

"Wewe pumzika."

"Sijachoka, mwalimu."

"Nimeona unachechemea."

Hakuwa anachechemea. Aliangalia goti moja, akaangalia la pili, kama kwamba huenda mimi nimeona kitu ambacho yeye hajakisikia. Kisha akatoka. Hakukaa kwenye benchi. Alisimama kando ya mstari, gongo mkononi, mpaka filimbi ya mwisho.

Tulifungwa matatu kwa moja. Bao la tatu lilipita pale pale ambapo angekuwa amesimama.

"Boss, yule wa tyubu umemficha wapi?" dereva aliniuliza. "Nyoka wamewazidi."

Jioni beki wangu alinifuata nikikusanya mipira. "Mwalimu, mguu nimeuangalia. Hauna kitu."

"Vizuri," nikasema. Nikaendelea kuhesabu mipira.

Jumatatu mkuu aliniita. Aliinua kopo la chaki, akachukua fomu, akaipuliza vumbi. Niliangalia kalamu yake.

"Sasa unaona mwenyewe, mwalimu," alisema. "Nilikuwa karibu kusaini. Lakini siwezi kukuachilia timu ikiwa hivi. Itengeneze kwanza." Akaiweka ndani ya mtoto wa meza, akaufunga.

Nilienda mazoezini moja kwa moja. Beki wangu alikuwa amefika kabla ya wenzake. Goti lake la kushoto lilikuwa limezungushiwa vipande vya tyubu, vimekazwa kama vile vya gongo.

"Ya nini hiyo?"

"Ili nisichechemee tena, mwalimu. Pengine wewe uliona mapema."

Alianza kukimbia, na sasa mguu ulikuwa mgumu kweli, haukunjiki vizuri. Ningemwambia aifungue. Lakini angeuliza kwa nini, na jibu la kwanza lingedai la pili, na la pili lingefika mpaka kwenye ile fomu.

Nikapuliza filimbi, tukaanza. Huu ni muhula wa pili tangu siku ile. Tunashinda tena, fomu bado iko kwenye mtoto wa meza, na yeye kila jioni huja uwanjani mapema apate muda wa kufunga goti lake.