Midomo Wazi Timboni

Elkana alizaliwa kando ya ziwa, na hakumpa mtu yeyote Kiembeni nafasi ya kulisahau hilo. Alipoachishwa kazi ya upakizi bandarini Kipevu, alitia vifaranga vya ngege, samaki wa ziwani kwao, katika timbo la mawe lililoachwa likajaa maji ya mvua. Jirani akimshauri, alimkata kauli: "Nyinyi wa pwani mwajua samaki wa chumvi tu."

Mwaka huu kaskazi ilikuja na joto la kuchoma. Mvua ikachelewa, maji yakapungua, yakawa ya moto kama ya kumwogeshea mzazi. Asubuhi moja ngege wote walikuwa juu, midomo wazi. Kwao Elkana, samaki akipanda hivyo ana njaa. Akafurahi, akawamwagia gunia zima la pumba.

Kafedha, jirani aliyekuwa akichunga mbuzi ukingoni, akamwita. "Baba Gedion, hao watafuta pumzi. Waongezee maji, si pumba."

"Wewe chunga mbuzi, mama."

Pumba zikachacha. Kesho yake timbo lilikuwa jeupe kwa matumbo ya samaki. Rosalia, mkewe, aliwaopoa kwa beseni bila kumtazama.

"Si ungenishika mkono!" Elkana akamfokea Kafedha.

"Mbuzi akihema juani, mimi humpeleka kivulini," akajibu. "Sijui kama kwenu humshindilia pumba."

Jioni mvua ikanyesha. Maji yakapoa kama ya ziwani kwao, mazuri kabisa, na waliokuja kuyafurahia ni vyura.