Mama Jezi na siri ya kikosi iliyovuja jikoni

Ijumaa, saa tatu asubuhi. Katika chumba cha kufulia nyuma ya jukwaa la uwanja, Mama Jezi amekalia ndoo iliyopinduliwa, anageuza jezi za timu moja baada ya nyingine, ndani kuwa nje. Mikono inafanya kazi bila kutazamwa. Macho yake yako mlangoni.

Anazigeuza kwa sababu ya maandishi. Kifuani mwa kila jezi limebandikwa kwa moto jina la kampuni ya kubeti inayoidhamini klabu, herufi za manjano kutoka kwapa hadi kwapa. Nembo ya klabu yenyewe, ambayo kwa umri inamzidi mwenyekiti, imesukumwa pembeni na kubaki ndogo kama kifungo cha koti. Maandishi yale hayataki maji ya moto, hayataki brashi, na pasi haiyagusi ila juu ya kitambaa. Yakipasuka, kampuni inailalamikia klabu, na klabu inamgeukia yeye.

"Damu inatoka kwa maji baridi na chumvi. Tope unaliloweka, linaachia lenyewe," anasema. "Hili jina halitoki. Siku moja nilichukua jezi mbovu nikaisugua kwa hasira mpaka ikatoboka. Tundu likawepo, na jina likawepo, linanitazama."

Anacheka, kisha anakatisha kicheko na kutazama tena mlangoni. Ndivyo alivyo siku hizi. Hatua za mtu yeyote ukumbini zinamfanya aache anachokisema.

Ana miaka arobaini na sita, ameolewa, ana mabinti wawili, na ameifulia klabu hii tangu mabinti hao hawajaanza shule. Jina lake halisi halitaandikwa hapa. Wachezaji humwita Mama Jezi, naye ameridhika nalo. Anachokiogopa ni kitu kimoja, na anakitaja bila kuzunguka: kwamba mumewe atarudi kwenye mkeka.

Mkeka, kwa asiyejua, si wa kulalia. Ni tiketi ya kubeti yenye mechi zilizopangwa mstari kwa mstari, na watu wengi waliowahi kuulalia hawakuamka na kitu.

Jumapili hii wanachama wa klabu wanakutana uwanjani kuamua kama mkataba wa kampuni hiyo uongezwe. Wapo wanaosema klabu ya mpira haipaswi kuvaa jina la kamari. Mwenyekiti hawaelewi kabisa watu hao.

"Robo tatu ya mishahara inatoka kwao," anasema, akigonga meza kwa kidole. "Kabla hawajaja, tulikaa miezi minne bila kulipana. Wanaopinga waniletee mfadhili mwingine. Au wanataka tufadhiliwe na upepo?"

Mama Jezi hawezi kumbishia. Miezi hiyo minne anaikumbuka vizuri. Alifua kwa sabuni aliyoitoa nyumbani, na wachezaji walikuwa wakimwomba hata chai. Leo ana mashine mbili za kufulia, ana glavu, na mshahara unaingia tarehe ile ile kila mwezi. Haumfanyi tajiri: ukishalipa kodi ya nyumba na ada ya binti mmoja, ada ya binti wa pili inabaki kuwa sala. Lakini unaingia.

"Mimi si mtu wa kutukana mkono unaonilisha," anasema. "Ila kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo hiyo ndiyo ninayoifua."

Mumewe ni kinyozi. Duka lake liko kwenye kona inayotazama geti la uwanja, chumba kimoja chenye kioo kirefu na kiti kimoja cha kunyolea. Zamani viti vilikuwa vitatu. Viwili vilikwenda kwenye mkeka, pamoja na televisheni ya dukani na friji ya nyumbani.

Ni mtu mpole, mwenye maneno machache na mikono isiyotetemeka. Anasema hakuwahi kucheza kamari hata ya karata mpaka mwaka ule timu yake ilipoingia uwanjani na jezi mpya.

"Mimi klabu hii nimeipenda toka nikiwa mtoto," anasema, huku akipangusa mashine yake ya kunyolea. "Kitu ilichokivaa kifuani sikukiona kibaya. Nilisema, kama kingekuwa sumu, wasingewavalisha vijana wetu. Nikawa nabeti kama mtu anayetoa mchango wa timu yake. Unaona ujinga huo?"

Kilichofuata kinahitaji kueleweka kwa utaratibu wa chumba cha kufulia. Kila Ijumaa kabla ya mechi, kocha huja pale na kunyooshea kidole jezi anazozitaka. Kumi na moja zinapigwa pasi kwanza na kutundikwa kwenye misumari ya juu. Hao ndio watakaoanza. Za wachezaji wa akiba zinakaa misumari ya chini. Kocha haandiki popote, kwa sababu karatasi iliwahi kumponza. Kwa hiyo adhuhuri ya Ijumaa wanaokijua kikosi ni kocha, msaidizi wake na mfua jezi.

Mama Jezi alikuwa hasemi kitu nje. Ila nyumbani si nje, au ndivyo alivyofikiri.

"Alianza kuosha vyombo," anasimulia. "Mwanaume aliyekuwa hajui hata sufuria linakaa wapi! Kila Ijumaa nikirudi nakuta maji yamechemka, ananiwekea kiti, ananiuliza, 'Pole mke wangu, leo umepiga pasi ngapi? Ya nani imekusumbua?' Nikasema, jamani, Mungu amejibu maombi. Kumbe maombi yaliyojibiwa ni ya mtu mwingine."

Ijumaa moja, akiwa amenyoosha miguu jikoni, alimwambia mumewe kwamba jezi ya namba tisa haikupanda misumari ya juu. Mshambuliaji huyo, tegemeo la timu nzima, alikuwa amevimba kifundo cha mguu na bandeji zake alizifua yeye mwenyewe. Alisema hivyo kwa huruma tu, kama mama anavyomsikitikia mtoto wa jirani.

Mumewe alikausha mikono, akasema anakwenda kununua vocha.

Kesho yake timu ilifungwa mabao matatu bila jibu. Mashabiki wakaona jambo la ajabu: wateja wote wa kinyozi, watu waliozaliwa wakiipenda klabu hiyo, walikuwa wanashangilia mabao ya wageni. Wote walikuwa wameweka pesa kwa mpinzani. Habari ikazunguka kwamba mechi imeuzwa, na anapotafutwa muuzaji, anayeonekana kwanza ni yule ambaye hakucheza. Nyumba ya mshambuliaji ilipigwa mawe. Madirisha mawili yalivunjika, na mama yake mzazi alikuwa ndani.

"Alikuja hapa Jumatatu," Mama Jezi anasema, na sauti inashuka. "Amechechemea mpaka hapo ulipokaa. Ananiambia, 'Mama Jezi, wewe umefua bandeji zangu, umeona mguu wangu. Mimi nimeuza nini?' Nikamwambia hujauza kitu, mwanangu. Sikuwa najua bado. Naapa sikuwa najua."

Alijua jioni hiyo. Mumewe alimngoja mlangoni na jozi ya viatu vipya vya ngozi, saizi yake, na tabasamu la mtu aliyeshinda. Alipomuuliza pesa imetoka wapi, alijibiwa kwa upole uliomkata maini: "Si wewe uliyeniambia?"

Viatu havijavaliwa mpaka leo. Mshambuliaji hakumaliza msimu. Aliondoka na jina la msaliti mgongoni, na klabu haikuwahi kujua siri ilipitia wapi.

Kinyozi aliapa kuacha, na ameacha. Ni mwezi wa saba sasa tangu aache. Alimkabidhi mkewe simu yake, akachukua ya batani isiyoingia mtandaoni. Jumamosi mchana, saa ambayo vinyozi wengine wanapata riziki yao kubwa, yeye anafunga duka na kwenda kumsaidia shemeji yake kufyatua matofali, mbali na redio.

"Wananicheka kwamba namwogopa mke wangu," anasema. "Mke wangu simwogopi. Naiogopa Jumamosi. Ikifika saa nane mwili wote unawasha, kama mtu aliyekalia siafu."

Nyumbani nako kumebadilika. Ijumaa hawazungumzi kuhusu kazi. Mama Jezi anakula akitazama sahani, naye mumewe anasimulia habari za matofali, ambazo, kwa maelezo ya mabinti, hazina mwisho wala ladha. Akichelewa nusu saa tu, mkewe anatoka kusimama barabarani. Mke akiamka ghafla usiku, anampapasa mumewe kujua kama yupo.

Hofu hiyo ilikuwa imeanza kulegea, hadi fundi wa rangi alipofika na futi yake ya kupimia kuta.

Mkataba mpya una sharti jipya. Kampuni inataka maduka yote yanayozunguka uwanja yapakwe rangi yake ya manjano, na ndani ya kila duka iwekwe mashine ya kubetia. Mwenye nyumba atalipwa kwa kila ukuta. Duka la kinyozi, kwa kuwa liko kwenye kona ya geti, ndilo la kwanza. Mwenye nyumba amekwisha kukubali. Kinachosubiriwa ni mikono ya wanachama.

"Ukuta si wangu," kinyozi anasema. Anaonyesha nafasi iliyo kati ya kioo na mlango, mahali palipokuwa na kiti cha pili. "Watakuja kuiweka pale. Nikimnyoa mtu, itakuwa mgongoni kwangu, inawaka. Mimi nitaiweza wiki moja. Labda mbili."

Hamishia duka kwingine, anaambiwa. Kwa pesa ipi? Na wateja wake wote wako hapo.

Ndiyo maana amefikia uamuzi unaomnyima mkewe usingizi. Anataka kusimama mkutanoni na kuwaambia wanachama kila kitu: kwamba Namba Tisa hakuuza mechi, kwamba aliyeuza ni yeye, kwa taarifa aliyoichota kwa mkewe, na kwamba kama jina la kampuni halikufaa kuingia dukani kwake, halikufaa kukaa kifuani mwa timu.

Asubuhi hii hii wawili hao walibishana mbele ya mwandishi, dukani, mteja akiwa nusu kichwa kimenyolewa na masikio yote yamesimama.

"Ukisema hivyo, baba watoto, umenifukuzisha kazi," Mama Jezi alimwambia. "Watasema mfua jezi ndiye aliyevujisha. Na ni kweli."

"Nisiposema watanyoosha mikono yote. Wanadhani kamari ni ya watu wa mbali."

"Waambie bila kunitaja."

"Nitasema kikosi nilikipata kwa nani? Niliota?"

"Sema uliota!"

Mteja alicheka, akakumbuka wembe ulipo, akatulia.

"Mficha uchi hazai, mke wangu," kinyozi alisema polepole. "Nimeficha miezi saba. Kila nikipita kwenye ile nyumba ya madirisha, naangalia chini."

Mama Jezi alitoka, akavuka barabara, akarudi kwenye jezi zake.

Saa sita kasoro kocha anaingia chumba cha kufulia. Ananyoosha kidole, jezi kumi na moja, na kutoka. Ni mtu aliyemwamini mwanamke huyu kuliko wachezaji wake. Mama Jezi anawasha pasi, anatandaza kitambaa juu ya jina la manjano, anakandamiza. Uso umelowa, na si kwa mvuke peke yake.

Anaulizwa kama anaelewa kwamba makala haya yakichapishwa hakuna jina bandia litakalomficha. Mfua jezi wa klabu hii ni mmoja.

"Naelewa."

Anaulizwa tena, kwa sababu swali hilo si la kuuliza mara moja.

Anaiweka pasi kwenye kisahani chake. "Nimewaza toka nimetoka kule dukani," anasema. "Nikikukataza, atasimama peke yake mbele ya watu wote hao, wamzomee, na mimi nimekaa kimya kama simjui. Akizomewa peke yake atarudi kule kule, hata mashine wasipoiweka. Namjua. Kwa hiyo wacha wasome kwanza. Wakifika mkutanoni wawe wanajua kwamba siri niliitoa mimi na mechi aliiuza yeye, na yule kijana wa watu hakuuza kitu. Mama yake asome pia, kama bado ananunua gazeti."

Mpango wake baada ya hapo ni mfupi. Watakaa safu ya mbele, yeye na mumewe, na wakati wa kupiga kura watanyoosha mikono kuukataa mkataba. Akifukuzwa, atafua nguo za majirani; maji na sabuni haviulizi cheti. Anachotaka kubaki nacho ni mwanaume anayerudi jioni na vumbi la matofali miguuni.

"Gazeti linatoka saa ngapi?"

"Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi."

"Na mkutano ni saa nne," anasema. Anainua mikono yake miwili, imekunjamana kwa maji, na vidole vinatikisika waziwazi. "Basi andika. Lakini na hii uiandike, ukiiona: usije ukawaambia watu kwamba siogopi."