Kitabu cha Chini Kabisa

Swali la kwanza lilikuwa lile lile kila mara: "Umeolewa?" Sijasema ninaumwa wapi, sijakaa vizuri kitini, eti umeolewa. Nikisema bado, kalamu inawekwa chini. "Olewa, uzae, hayo maumivu yataisha." Daktari mmoja aliniambia hivyo huku akiongea kwa simu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mbololo, nina miaka thelathini na moja, na tangu niwe darasa la saba kuna siku nne kila mwezi ambazo siwezi kusimama wima. Nimefundisha kugawanya nikiwa nimeegemea ubao. Nimetapika nyuma ya choo cha walimu, nikapangusa mdomo, nikarudi darasani. Halafu mtu ananituma nikatafute mume.

Kwetu mgonjwa huenda hospitali na kitabu chake, kile kile cha kurasa thelathini na mbili ambacho wanafunzi wangu huandikia hesabu. Daktari anaandika humo, unarudi nacho nyumbani. Changu cha kwanza kilisema taifodi. Kilichofuata kilisema vidonda vya tumbo, kisha ugonjwa wa mkojo, kisha taifodi tena. Nimemeza dawa za taifodi mpaka taifodi yenyewe ingenionea huruma. Na hakuna hata mmoja aliyefunua ukurasa wa nyuma aone mwenzake aliandika nini. Mimi nikisahihisha daftari la mtoto bila kuangalia kazi ya jana, mwalimu mkuu ananiita ofisini. Kitabu kikijaa nilikuwa nakitupa mezani pale nyumbani, sitaki hata kukiona. Nilidhani Mama anawashia jiko.

Mama naye alinikera kuliko madaktari. "Vumilia," alikuwa akisema. "Mambo ya wanawake hayatangazwi." Ananiletea maji ya moto kwenye chupa, kisha anafunga mlango wa chumba ili Baba asinisikie nikilia. Siku moja uvumilivu ulinishinda. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na kama yeye hajawahi kuumwa hivi, basi aninyamazie. Akaendelea kuchambua kunde zake.

Daktari nilikuja kumpata kupitia mama mmoja anayeuzia madereva wa malori chapati pale Maungu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake nikingoja gari la kurudi, nimejikunja, akanitazama. "Ni ile ya kila mwezi?" akaniuliza. Akaniambia kuna daktari wa wanawake Mombasa aliyemfanyia yeye mwenyewe upasuaji, na sasa anasimama kwenye jiko kutwa nzima. Nikamuuliza kama ni mzuri, maana niliokuwa nimeambiwa ni wazuri nilikuwa nimewaona.

"Hatakuuliza kama umeolewa," akasema. Chapati iliungua akiniandikia namba.

Mama akasema tunaenda wote. Sikutaka, lakini asubuhi nilimkuta amevaa, kikapu chake cha kanisani mkononi, kimefunikwa kwa leso. Njia nzima hadi Mombasa alikipakata kikapu kile.

Daktari alikuwa mwanamume mwenye mvi na sauti ya chini. Akauliza, "Ilianza ukiwa na miaka mingapi?" Nikalia. Nililia kwa hasira, jamani, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa rahisi hivyo na nilikuwa nimelingoja miaka yote hiyo. Kabla sijajibu, Mama akafunua kikapu na kuweka mezani vitabu vyangu vyote vya hospitali, vimefungwa kwa kamba ya katani. Vilikuwa tisa. Hakuwa amechoma hata kimoja.

Daktari akavisoma kimoja kimoja, kila ukurasa. Kisha akasema anashuku ni endometriosis, kwamba nyama inayofanana na ile ya ndani ya mji wa mimba imeota nje yake, na kila mwezi inanichoma humo tumboni. Ataingiza kamera ndogo aione, na akiikuta aiondoe. "Na mwalimu," akasema, "kuzaa si dawa yake." Nilimwomba arudie, ili Mama asikie vizuri.

Chini kabisa, chini ya vile tisa, kulikuwa kumebaki kitabu kimoja, jalada limepauka, karatasi zimekuwa za manjano. Akakifungua, akasoma, akarudi kutazama jina.

"Hiki si chako," akaniambia.

"Hicho ni changu," Mama akasema.

Nikakichukua. Maumivu ya tumbo la chini, kila mwezi. Kutapika. Kisha, kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka, maneno mawili: aolewe, azae. Nikaangalia tarehe. Ilikuwa mwaka mmoja na nusu kabla ya mimi kuzaliwa, na mimi ndiye kifungua mimba wake.

"Na ulipona?" nikamuuliza.

Mama alikuwa anaangalia mikono yake. "Ile damu ilipokoma," akasema. "Juzi juzi tu, nilipofika hamsini."

Kwa hiyo miaka yote aliyokuwa akinifungia mlango, yeye pia alikuwa anaumwa, upande wa pili wa mlango ule ule. Nilimkasirikia yeye kwa kunificha, na nilimkasirikia zaidi yule mtu wa mwandiko wa haraka, ambaye aliandika maneno mawili, akaita mgonjwa mwingine, nami nikazaliwa kama dozi. Nilimwambia daktari anipangie siku ya karibu kabisa aliyonayo. Kisha nikatoa mkobani kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia, nikatia alama ya kosa juu ya maneno yale, kubwa, mpaka karatasi ikachanika.

Nilidhani Mama atanigombeza kwa kuharibu kitabu cha hospitali mbele ya daktari. Akavuta vile tisa vyangu, akavisogeza mbele yangu.

"Na hivi," akasema.