Kadi Isiyowaka Siku za Ijumaa

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nyumbani kwetu Kuze wanajua, na shuleni Ganjoni ninakofundisha kompyuta wanajua. Hata yule paka wa ngazini anajua, maana akinisikia napanda kwa kishindo hujitoa njiani mwenyewe. Lakini sijapata kukomolewa na kitu kama nilivyokomolewa na ile laptopu ndogo. Wiki saba ilinichezea shere, na si mara moja nilisimama nayo dirishani nikiwaza nimwangushie nani.

Laptopu yenyewe aliiacha kaka yangu alipokuja kututazama kutoka ng'ambo. Ilikuwa nyembamba, haina feni, haipati moto, na ndani yake mna prosesa ya ARM, jamii ile ile inayoendesha simu zetu. Mfumo wake wa asili ulikuwa umeacha kupata masasisho, na walioutengeneza hawakumfikiria mtu anayetaka kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, pamoja na zile herufi zetu za ziada ambazo Waarabu hawanazo. Baba yangu alitaka hivyo, tena alitaka hivyo na si vyengine.

Baba alisomesha madrasa mpaka alipochoka, akastaafu. Mama alikuwa mtunzi. Hapo mtaani kwetu, mwenye harusi akitaka beti za kumsifia bibi harusi, au za kumpiga kijembe wifi fulani bila kumtaja, alikuja kwa Mama na vitumbua vyake mkononi. Mama alipofariki aliacha madaftari manne yaliyojaa beti, kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka. Nukta aliziruka, maneno aliyabana ukingoni. Mimi nilijaribu kuyasoma nikashindwa. Aliyeujua mwandiko ule alikuwa Baba peke yake, na Baba alikuwa na presha ya macho.

Daktari alitueleza waziwazi. Jicho la kushoto limekwenda, la kulia linakwenda, na kinachokwenda hakirudi. Tuliporudi nyumbani Baba alikunywa kahawa yake. Kisha akasema anataka kuyanakili madaftari ya Mama kwa mkono wake, kwa herufi kubwa ambazo jicho lililobaki litaziona, kabla halijafunga.

"Hizi ni kazi za mamako," aliniambia. "Mato yangu yakifunga nazo zimefunga."

Nikamwambia, "Niachie mimi, Baba." Mwalimu wa kompyuta huyo, kichwa juu! Nilipanga kuweka Linux, mfumo mwengine wa bure, kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, laptopu iwake kutoka kwenye ile kadi, na mfumo wa asili nisiuguse. Linux ina kibodi za kila lugha, na herufi unazikuza utakavyo. Nilimwambia siku mbili, tatu kwa wingi.

Jaribio la kwanza nilijiaibisha. Nilishusha Linux ya kompyuta za kawaida, nikaiandika kwenye kadi, nikaichomeka. Laptopu ile ikiwashwa hutoa onyo kwanza, kisha unabonyeza vitufe viwili ili isome kadi, na ikikosa cha kusoma hulia mlio mmoja mfupi. Ikalia. Nikabonyeza tena, ikalia tena. Nilibonyeza robo saa nzima kabla sijakumbuka kwamba programu ya prosesa ya kawaida haiwezi kwenda kwenye ARM, jambo ninalowafundisha wanafunzi wangu kila muhula. Namshukuru Mungu hawakuwapo kuniona.

Nikashusha ya ARM. Safari hii haikulia, ila skrini ikabaki nyeusi tititi. Ilinichukua wiki kuelewa kwamba ARM nayo si moja. Kila mashine inataka faili lake la kuuambia mfumo skrini iko wapi, kibodi iko wapi. Hilo faili nalo nikalipata, nikaliweka. Ikaanza kuwaka, ikafika nusu ikakwama. Kumbe kadi niliyoinunua Makupa ilikuwa ya uongo, imeandikwa ukubwa isionao. Yule muuzaji aliniapia kwa watoto wake. Nilimrudia nikamwambia maneno mawili matatu, akanipa nyengine huku akinitazama kama mtu aliyemwagikiwa na mchuzi.

Siku iliyofuata, Jumatano, ikawaka. Wallahi nilipiga kigelegele! Jirani wa chini akapaza sauti kuuliza nani anaolewa. Nikaijaribu kibodi ya Kiarabu na herufi zetu za ziada, zote zikatoka. Baba akavuta kiti, akanyosha vidole vyake, akaniuliza, "Nianze?"

Nikamwambia asubiri.

Hilo nimelifikiri sana tangu siku ile. Nilimsubirisha kwa sababu nilitaka kuhakikisha. Sikutaka aandike kurasa kumi halafu zipotee. Ijumaa asubuhi nikaiwasha tena, ikalia ule mlio wake. Si unaona, nikajisemea, nilijua. Jumamosi nikaichomoa kadi, nikaifuta, nikaiandika upya, nikairudisha. Ikawaka vizuri, ikaendelea kuwaka mpaka Alhamisi. Ijumaa ikalia.

Nilishuku kadi, nikabadilisha. Nilishuku Linux yenyewe, nikachukua toleo jengine. Nilishuku chaja, umeme wetu wa kukatikakatika, hewa ya chumvi inayokula mpaka bawaba za milango. Kila wiki Baba alivuta kiti, na kila wiki nilimwambia, "Subiri kidogo, Baba, haijatulia."

"Haya," alisema. "Wewe ndiye fundi." Akarudi kwenye mkeka wake.

Wanafunzi wangu nimewazoesha kuandika kila wanachojaribu, kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kutia tarehe. Na mimi nilikuwa na daftari langu la aina hiyo. Siku moja nililifungua nikapitisha kidole kwenye tarehe za mlio. Zote zilikuwa Ijumaa. Nilicheka mwenyewe. Nikamtania Baba, "Mashine yako imesilimu, Ijumaa haifanyi kazi."

"Alhamdulillahi," akasema, lakini hakucheka kama nilivyotaraji. Alinyosha mkono kutafuta kikombe, nikamtilia kiganjani.

Alhamisi iliyofuata niliomba ruhusa shuleni nikarudi mapema, mara tu baada ya alasiri. Nilianza kuisikia harufu nikiwa bado ngazini. Udi wa Mama! Mama alikuwa akipika udi wake mwenyewe, wa sukari na mafuta ya mawaridi, na alipofariki aliacha kopo moja. Sikujua kama bado umo. Nikaingia chumbani. Kile kitenga cha kufukizia nguo kimewekwa katikati ya chumba, chini yake chetezo chenye makaa mekundu, na juu yake, badala ya nguo, laptopu imelazwa wazi pamoja na madaftari manne. Vyote vimefunikwa kanga ya Mama ili moshi usipotee. Baba yuko kando, mrashi mkononi, ananyunyiza marashi.

"Baba! Unafanya nini?"

"Nafukiza," akasema, kama mtu anayeulizwa kwa nini anapumua. "Mamako hakuwahi kushika kalamu bila kufukiza. Na hii mashine inakusumbua kila siku, labda ina jicho la mtu. Kila Alhamisi naifukiza."

Kila Alhamisi. Nikaivuta laptopu, nikaichomoa kadi, nikalikagua lile tundu lake kwa tochi ya simu. Meno yake ya shaba, yale yanayoigusa kadi, yalikuwa na utando wa rangi ya asali. Ulinata. Moshi wa sukari na mafuta, na marashi juu yake. Kila Jumamosi nilipoichomoa kadi na kuirudisha, nilikuwa nikiukwangua ule utando bila kujua, nikadhani kuandika upya ndiko kulikoitengeneza.

Hapo nikapasuka. Nilimwambia Baba ameniua. Nilimwambia wiki saba nahangaika na kadi, na programu, na umeme, kumbe adui yuko ndani ya nyumba na chetezo chake! Nilimwambia mashine haina kijicho cha mtu, ina uchafu. Baba alisimama akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akainama, akakipapasa chetezo, akakibeba nje kwa uangalifu.

Nilisafisha tundu kwa spiriti na pamba iliyosokotwa kwenye kijiti cha meno. Ijumaa asubuhi nikaiwasha, ikawaka. Nikaizima, nikaiwasha. Mara tano, mara tano ikawaka. Nikafungua ukurasa mweupe, nikakuza herufi mpaka kila moja ikawa kubwa kama kikombe cha kahawa, nikaandika Bismillahi. Nikaenda kumshika Baba mkono. Nilikuwa nimeshaanza kuona haya ya maneno ya jana, na kwetu haya ya namna hiyo huombewa radhi kwa kahawa. Nikamkalisha mbele ya skrini, nikaenda jikoni.

Kahawa ilichelewa kuchemka. Niliporudi mlangoni, laptopu ilikuwa imejizima skrini, kama zinavyofanya zikikaa bila kuguswa. Nyeusi kabisa. Baba alikuwa ameikabili, mgongo umenyooka, anatikisa kichwa taratibu.

"Mashallah," alisema aliponisikia. "Naam, sasa nnaiona. Herufi nzuri, kubwa."

Nilisimama pale na sinia mkononi. Nikakumbuka kikombe nilichomtilia kiganjani, chetezo alichokipapasa, na jinsi siku hizi alivyokuwa akishuka ngazi huku akizihesabu chini kwa chini, nikadhani anasoma nyiradi. Nikaliweka sinia. Nikapiga magoti mbele yake.

"Tangu lini, Baba?"

"Wiki ya tatu. Ya nne labda," akasema. "Ukungu, kisha basi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeishika kwa hasira. Nikasema nikikwambia, utaiwacha. Au utajilaumu. Nami nilitaka uishinde."

Nililia, na sikulia polepole. Wiki ya tatu ndiyo ile Jumatano ya kigelegele. Alivuta kiti akiwa na jicho, akaniuliza aanze, nikamwambia asubiri. Kurasa kumi zingepotea, ndiyo, labda. Angeziandika tena. Baba alinipapasa kichwa akaniacha nilie, kisha akasema kahawa inapoa.

Madaftari tulikaa nayo mapajani siku kadhaa bila kujua la kufanya nayo. Nilimsomea herufi moja moja nilizozitambua, na bila nukta kila neno likawa na sura tatu. Tulikwama ubeti wa kwanza. Alhamisi ikafika. Baba alikuwa amekaa, hana la kufanya na mikono yake, na mimi nikaenda mwenyewe nikalitoa kopo. Nikapeleka chetezo pembeni kabisa, karibu na dirisha, nikaifunika laptopu taulo upande wa tundu la kadi. Nikatia kipande kimoja cha udi.

Harufu ilipomfikia aliinua uso. Mama alikuwa akitunga hivyo, amekaa karibu na chetezo, kila ubeti akimsomea Baba kwanza, na Baba akisema haujakaa sawa, Mama anaufumua. Baba alikuwa amezisikia zote. Akaanza kusema ubeti ule uliotushinda, taratibu, akitua pale pale Mama alipokuwa akitua, na mimi nikautazama mwandiko daftarini na kuona maneno yakijifungua moja baada ya moja mahali pake.

"Mashine umeifunika?" akauliza katikati.

"Nimeifunika, Baba."

"Haya, andika."

Ndivyo tunavyofanya mpaka sasa, kila Alhamisi baada ya alasiri. Yeye anasema, mimi nafuata mwandiko kwa kidole na kuandika. Nikikwama kwenye herufi, nampa kiganja changu, anaichora kwa ukucha, kama alivyonichorea nilipokuwa mdogo nikigoma kusoma. Tumemaliza madaftari mawili, la tatu liko katikati. Kopo limebaki na udi wa chini tu, basi sasa natia vipande vidogo.

Laptopu haijalia tena. Na kila ninapofungua ule ukurasa, herufi zinatoka kubwa kama vikombe, maneno matatu yanajaza skrini nzima, na nusu ya muda wangu unaishia kusogeza ukurasa juu na chini. Kuzipunguza ni kubonyeza mara moja tu. Sijazipunguza.