Ramani ya Kunusa

Shule ya mtaa wetu ilipofungwa, askari walilala madarasani na madawati yakawa kuni. Niliyaona kwa macho yangu, madawati niliyofundishia miaka yote, yakiivisha sufuria ya maharagwe katikati ya uwanja. Nilikasirika, lakini mwenye bunduki hagombezwi. Nilikwenda kuimalizia hasira yangu nyumbani. Niliwaambia binti zangu wawili kwamba shule imechukuliwa lakini mwalimu bado yupo, na kwamba kesho yake tungeanza na jiografia.

Ramani sikuwa nayo. Nilikuwa na ukuta. Nyumba yetu ya Butembo ilikuwa ya udongo, na kama wanawake wengi wa mtaa nilizoea kuipaka udongo mweupe kila Jumamosi, ili Jumapili watu wakitoka kanisani waikute safi. Ukuta wa sebule ulipokauka nilichukua mkaa, nikachora nchi ya kwetu: ziwa upande wa mashariki, milima mirefu kusini, barabara inayopanda kaskazini mpaka Beni, kisha msitu. Sikuandika jina hata moja. Mtoto akiona jina limeandikwa, hulisoma na kuondoka zake, na mimi nilitaka wakae hapo wafikiri.

Jumamosi nilipopaka upya, ramani ilipotea. Jumatatu ilikuwa zamu yao kuichora kwa kichwa. Mdogo, kitinda mimba wangu, alichora Butembo kubwa kama sinia na Beni ndogo kama kifungo. Nilipomkaripia alinijibu kwamba huku ndiko wanakokaa watu anaowajua. Dada yake alicheka, nami nikamwambia acheke akiwa anairekebisha; kila Jumatatu iliyofuata sinia lilirudi.

Mdogo huyo hakushika majina kabisa. Ungemwambia Kipese asubuhi, mchana amesahau. Lakini pua alikuwa nayo. Ningetia kitu sufuriani naye yuko uani, angesema ni nini. Basi nikaamua kumfundisha kwa njia ya pua. Tulibandika vitu ukutani kwa ugali uliolala: ganda la kitunguu saumu pale Kipese, gamba la samaki ziwani, ganda la ndizi kwenye soko la barabarani chini ya mlima wa Kabasha, tone la mafuta ya mawese na punje ya karanga Beni. Vuhovi tuliweka kahawa iliyokaangwa. Mkubwa alikuwa amekaa huko kwa bibi yake na alikijua kila kilima, kwa hiyo kila kilima akakipa punje yake. Kisha mmoja anafungwa kitambaa machoni, anapewa kitu anuse, na lazima aende mwenyewe ukutani kuweka kidole mahali kinapotoka.

Baba yao ndiye aliyeupenda mchezo huo kuliko wote. Alikuwa mchuuzi wa mafuta ya mawese, mtu wa barabara. Kila aliporudi hakuingia ndani kwanza. Alisimama mlangoni, mdogo akafumba macho, akainusa mikono ya baba yake, akaenda ukutani kuonyesha alikotoka. Hakukosea kamwe, na baba mtu alimsifu mbele ya majirani mpaka nikaona haya.

Wiki moja alikwenda Beni, kwa ndugu yake wa mtaa wa Bungulu. Nilimfungia njugu za njiani, maana kwetu mtu hatoki nyumbani mikono mitupu. Njugu zangu huzikaanga na kitunguu saumu kilichotwangwa. Wanawake wenzangu wa kanisani walinicheka kwa sababu hiyo, wakisema nakaanga dawa, lakini mume wangu hakutaka nyingine. Siku yake ya kurudi ilipita. Nikasema labda mvua. Siku nyingine ikapita, na watu wakaleta habari kwamba barabara imefungwa na wanaume wanakamatwa kubeba mizigo ya jeshi. Niliacha kusema labda.

Katikati ya somo, asubuhi, mlango ulisukumwa. Waliingia askari watatu, na mbele yao komanda, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini. Walikuwa wakipekua nyumba moja baada ya nyingine, wakitafuta silaha. Komanda hakutazama kitanda wala sanduku. Alitazama ukuta.

"Hii ni nini?"

"Ni carte, mon commandant. Niko nafundisha batoto. Masomo ilifungwa."

"Carte bila majina?"

"Majina ni bo batoto banapashwa kuyatafuta."

Aliusogelea ukuta. Kidole chake kilipita juu ya samaki, juu ya kitunguu, kikasimama Vuhovi, kwenye zile punje nyeusi zilizotawanyika vilimani. Hapo nikaelewa kile anachokiona. Siku hizo kila mtu alisema wapiganaji wa upande wa pili wanalala katika vilima vya Vuhovi.

"Na hizi?"

"Ni kahawa."

"Minaona ni kahawa. Niko nauliza ni banani. Kila kilima na yake. Nani alikuambia fasi banalala?"

Kwake kila punje ilikuwa mpiganaji na mahali anapolala. Nilimweleza mchezo. Nilieleza vibaya, mbio mbio, kama mwanafunzi ambaye hakusoma. Akaniuliza bwana wangu yuko wapi. Nikasema amekwenda Beni kutafuta mawese. Akawatazama wenzake, na mmoja akaitoa kamba begani. Mke mwenye ramani, mume yuko barabarani: kwao hesabu ilikwisha.

"Kama ni muchezo," alisema komanda, "basi muucheze."

Alimwita mdogo kwa kidole. Mtoto akanitazama. Nilitaka kumshika, nikajizuia, kwa kuwa kumshika kungeonekana kama kuficha. "Kobanga te," askari mmoja alimwambia kwa Kilingala chao, asiogope. Komanda mwenyewe ndiye aliyemfunga kitambaa, tena akakikaza. Hakuchukua kitu ukutani, alijua ningeweza kuwa nimemkaririsha. Aliingiza mkono mfukoni mwa koti lake, akatoa kitu kwenye kiganja, akakipeleka puani mwa mtoto.

Mdogo alinusa. Akanusa tena.

"Hii karanga ni ya Beni," alisema. "Na hii kitunguu saumu ni ya Kipese." Akanusa mara ya tatu. "Lakini hii ni ya kwetu. Ni mama njo anazichanganyaka. Ni ya papa."

Akatembea na kitambaa chake machoni mpaka ukutani, akaweka kidole juu ya Butembo, katikati ya lile sinia lake.

Alikuwa amemtaja baba yake. Komanda alikitazama kiganja chake. Mimi nilizitazama njugu zangu mkononi mwa mtu mwingine, na kichwani mwangu mlikuwa na jambo moja tu: zimemfikiaje? Nikikiri kwamba mwenye njugu ni mume wangu, labda namtia kitanzini. Nikinyamaza, nitabaki kubahatisha mpaka nife. Kwetu tunasema mficha uchi hazai. Nikauliza.

"Mwenye hizi iko wapi?"

"Alikuwa anabeba mizigo yetu," alisema komanda. "Alianguka. Tulimuacha."

"Alikuwa anapumua?"

"Nilishasema tulimuacha."

Alifungua kitambaa cha mtoto, taratibu kuliko alivyokifunga. Kisha akaokota mkaa wangu pale chini, akarudi ukutani, akaweka alama moja nyeusi kwenye barabara ya Beni. Kabla ya kutoka alimwamuru askari wake aifute Vuhovi. Askari akaifuta kwa mkono, punje zikadondoka sakafuni, na wote wakaondoka. Yule wa kamba aliirudisha begani.

Nilisimama mbele ya alama ile nisijue walimwacha wapi hasa. Ramani ilichorwa na mtoto, Butembo imekula nusu ya barabara, na alama ingeweza kuwa popote. Nilimfokea mdogo kwa ajili ya sinia lake, naye akaanza kulia. Mkubwa ndiye aliyeniokoa na ujinga wangu.

"Mama, angalia. Ni pembeni ya fasi ya ndizi."

Kweli, alama ilikuwa juu kidogo tu ya lile ganda la soko la Kabasha. Niliwaacha watoto kwa jirani, nikaondoka na wanawake wawili wa kanisani, vikapu vya kabichi kichwani kana kwamba tunakwenda sokoni, kwa sababu mwanaume kwenye barabara ile angekamatwa. Njia nzima wenzangu waliimba kwa sauti ndogo. Mimi sikuimba. Nilikuwa nikitafuta maneno ya kuwaambia wanangu kama ningerudi na maiti, au kama nisingekuta hata maiti.

Tulimkuta hai. Wauza ndizi walikuwa wamemwondoa mtaroni na kumlaza nyumbani kwa mzee wa kanisa. Mgongo ulikuwa umechanika, miguu imevimba, na alama za kamba zilikuwa zimeingia ndani ya ngozi. Nililia pale pale mbele ya watu, kwa furaha na kwa hasira pamoja. Yeye aliniangalia tu. Aliniuliza kama watoto wamekula.

Siku tulipofika nyumbani, mume wangu akishikwa huku na huku, alisimama mlangoni kama alivyozoea. Nadhani mwili wenyewe ulikumbuka. Mdogo akaja mbio, akafumba macho bila kuambiwa. Baba yake akamnyooshea mikono.

Mtoto alinusa kwa muda mrefu, kiganja kimoja, kisha cha pili, kisha makovu ya kamba. Nilimwona akigeuza kichwa kuelekea ukutani, akirudi tena kwenye mikono. Hakwenda. Alifumbua macho.

"Papa, hii fasi hatujaiweka bado kwa ukuta."

Baba yake aliiondoa mikono, akaificha nyuma ya mgongo.

"Hiyo hapana kuweka," alisema, akaingia ndani.