Karatasi ya Bukuru

Nakumbuka Jumamosi moja ya miaka ile wakimbizi walipokuwa wakiingia kwa wingi kutoka Burundi na Kongo, nami nikiwa fundi cherehani kijana pale Mwanga, kando ya ziwa, mwenye majivuno kuliko ufundi. Uani kwetu baba yangu mdogo alichezesha karata za kamari, na njia ya kwenda huko ilipita barazani, kando ya cherehani yangu. Basi mimi ndiye niliyekuwa bawabu.

Kwenye baraza lile lile alishona Bukuru, aliyekuja kutoka Burundi na mkewe Stella na cherehani yao moja. Mwanangu, nilimwonea wivu tangu siku ya kwanza. Mimi nilipima mara mbili na bado suruali ikapinda; yeye alimtazama mteja tu, akakata. Wivu ni kidonda, na changu nilikikuna kila asubuhi.

Ila Bukuru alikuwa na ugonjwa wa kamari. Jumamosi hiyo alikuja na Stella, akanipa karatasi ya ombi lake, yenye alama ya dole gumba lake.

"Mwana wa mama," akasema, "nikija kucheza, unifukuze. Hata nikilia, hata nikikutukana. Leo nina akili zangu, ndiyo maana nakuomba leo."

Nikakubali mbele ya mkewe, nikaibandika karatasi ukutani. Ahadi ni deni, na mwanzoni niliitimiza. Alikuja mara mbili, nikamfukuza, akanitukana kwa Kirundi, kesho yake akaniletea mihogo.

Kisha wanakwaya wa Bangwe, wateja niliowategemea mimi, wakampa yeye kazi ya sare zao zote. Roho iliniuma. Jumamosi iliyofuata akaja tena, jasho linamtoka, akasimama akisubiri nimfukuze. Nikainua pazia la mlango wa uani kwa mkono wangu, nikamwambia, "Pita." Nilijua ninachofanya.

Alasiri ile aliliwa hata cherehani. Aliyeshinda alikuwa mchuuzi wa Kongo. Kesho yake akaipakia kwenye boti, ikavuka ziwa.

Stella alibandua karatasi ukutani kwangu, akaipeleka kwa Mzee Hamisi, mwenyekiti wa mtaa. Mimi nilidhani mkimbizi hana pa kushtaki. Nikaitwa.

"Shikamoo, Mzee," nikasema. "Bukuru ni mtu mzima. Alikuja kwa miguu yake."

"Marahaba. Ana kosa lake, na nimeshamwambia. Lakini siku alipokupa karatasi hii, alikuachia akili yake, amana. Alipokuja hana akili, nani alikuwa nayo?"

Akaamua karata zikome pale uani, na mimi nigawane cherehani yangu na Bukuru: asubuhi iwe yangu, mchana iwe yake, mpaka apate nyingine. Baba mdogo alininunia mwezi mzima.

Basi kila mchana nilikaa pembeni, nikimtazama akishona sare za kwaya kwenye cherehani yangu mwenyewe, nayo ikimtii yeye kuliko mimi. Wivu haukuisha, mwanangu, nisikudanganye. Siku moja, akikata uzi, akaniuliza, "Siku ile ulikuwa umechoka kunifukuza, siyo?" Nikasema ndiyo. Akaniomba radhi kwa kunisumbua. Akarudi kwao miaka ya baadaye bila kujua kwamba sikuwa nimechoka.

Sasa nawe umeajiriwa mlangoni kwenye nyumba ya kamari, na juzi ulicheka ukinisimulia watu wanaoandikisha majina yao wenyewe ili wakatazwe kuingia. Ukasema kila mtu mzima na mzigo wake. Usicheke. Mchezaji ana kosa lake, lakini aliyepokea jina lake akamfungulia naye ana lake, na tajiri wako pia. Sheria ikikusahau, wewe hutajisahau. Na kama katika majina hayo yumo mtu unayemwonea wivu, mzuie huyo kuliko wote, maana kwake ndiko mkono wako utakakokuwa mwepesi kufungua.

Mungu akupe moyo wa kumfurahia anayekushinda, na asikuache kamwe uombwe radhi usiyostahili, kama nilivyoombwa mimi. Amina.