Dalali wa Bei ya Siri Atatizwa na Tovuti

Ni Jumatano, jua la Garissa halijapanda vizuri, na tayari soko la mifugo limejaa vumbi na milio ya mbuzi. Kando ya ngazi ya kupakilia malori, Bulle Yarrow anatazamana na mfanyabiashara kutoka Thika. Hakuna anayesema kitu. Mikono yao ya kulia imefunikwa na shali ya Bulle, na chini ya shali hiyo vidole ndivyo vinavyozungumza.

Bulle anabana vidole viwili vya mwenzake, kisha kiganja kizima. Mnunuzi anatikisa kichwa. Bulle anabana tena, taratibu, huku macho yake yakiwa kwingine kabisa. Mara mnunuzi anachomoa mkono, anacheka, anampiga Bulle begani, na ng'ombe watatu wanaanza kuswagwa kuelekea kwenye lori.

"Wameuzwa," anasema Bulle.

Kwa bei gani? Anamtazama mwandishi kama mtu aliyeulizwa umri wa mama mkwe wake.

"Nimesema wameuzwa."

Kwa miaka ishirini na sita sasa, Bulle, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, amekula na kulea watoto kwa kazi hii ya udalali. Mfugaji anamkabidhi mnyama, yeye anatafuta mnunuzi, na bei inajulikana na watu watatu tu: mwenye mnyama, mnunuzi na dalali. Wengine waliosimama hapo, hata wakikodoa macho, wanaona shali tu.

"Mtu akiwa na shida, anauza bei ya chini na soko halimcheki," anaeleza. "Akipata bei nzuri, anarudi nyumbani kimya kimya. Huku kwetu kimya ni mali, wallahi."

Lakini kimya hicho siku hizi kimeanza kumtisha. Zamani siku nzuri ya soko ilimwachia ng'ombe kumi na tano waliopita mikononi mwake. Sasa akiuza watano anamshukuru Mungu, na ada yake ni shilingi elfu moja kwa kila ng'ombe. Wanunuzi wa Nairobi na Mombasa waliokuwa wakilala Garissa usiku wa kuamkia Jumatano hawaji tena. Wanapiga simu na kusema neno moja: "Tuma link."

"Mimi nikawaambia, link ya nini, njoo umshike mnyama mbavu," anasema Bulle. "Wakakata simu. Wakaenda kwa Hamze."

Hamze ni dalali mwenzake, anayesimama hatua chache tu kutoka kwake, na ana tovuti. Kwenye tovuti hiyo kuna ng'ombe wanene wenye madoa meusi na meupe, wanaokula majani mabichi yanayowafika magotini. Sokoni watu wanamtania kila wiki wakimwuliza majani hayo yaliota Garissa mwaka gani. Hamze anacheka nao, kisha simu yake inalia, na anaondoka kwenda kupakia lori.

Hapo ndipo Bulle alipochanganyikiwa. Mtu anaweka ng'ombe ambao hawapo, na wateja wanakuja. Yeye ana ng'ombe waliopo, na wateja hawaji.

Alikwenda kwa Ruweyda, binti wa kaka yake, ambaye hutengeneza tovuti katika duka dogo la kompyuta mjini. Mazungumzo yao ya kwanza anayakumbuka neno kwa neno, maana yalimwacha hoi.

"Adeer," alisema Ruweyda, akimwita kama Wasomali wanavyomwita ndugu ya baba, "tovuti yako itauza nini?"

"Wanyama."

"Una wangapi?"

"Wangu? Hata mmoja."

"Basi nitaweka picha ya nini?"

Bulle alikaa na swali hilo siku nzima. Ana duka? Hana. Ana ofisi? Ofisi yake ni hapo aliposimama. Ana bidhaa? Bidhaa yake ni kwamba mfugaji wa Hagadera anaweza kumwachia fahali, akaenda kuswali, akarudi akakuta hesabu imetimia. Kitu hicho unakipigaje picha?

Gharama nayo ilikuwa elfu hamsini, na malipo mengine kila mwaka ili tovuti isizimwe. Bulle hana elfu hamsini. Mkewe, Maka, ana mbuzi watano wa maziwa, na maziwa hayo ndiyo chai ya nyumbani na ya nusu ya majirani. Bulle alipoanza kuzungukazunguka maneno, Maka alimkata kauli.

"Mbuzi wangu wananipa maziwa kila asubuhi," alimwambia. "Hiyo tovuti inatoa nini?"

"Swali zuri," anakiri Bulle. "Nikamaliza chai yangu, nikatoka."

Kila aliyemwuliza alimpa ushauri wake. Mwalimu mmoja alimwambia biashara isiyo na tovuti imekufa ila haijazikwa. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alimwambia yake imemletea maswali mengi na mteja hakuna. Kijana wa bodaboda akasema ukurasa wa bure unatosha, pesa akanywee chai. Bulle alirudi nyumbani kichwa kizito kuliko alivyotoka.

Ruweyda akaona amwonee huruma. Wajaribu, alisema. Ukurasa mmoja, mnyama mmoja, bila malipo. Wakiona faida, ndipo wazungumze habari ya mbuzi wa Maka.

Mnyama aliyekuwapo siku hiyo alikuwa fahali mwekundu wa Dayib, mfugaji kutoka upande wa Hagadera ambaye kwa miaka kumi na tisa hajawahi kumpa dalali mwingine hata mbuzi. Dayib alimkabidhi fahali, akatamka bei anayotaka, akaenda msikitini.

Ruweyda akapiga picha. Akauliza bei. Bulle akasitasita, lakini mpwa wake akamweleza kwamba mtu wa Mombasa hawezi kubanwa vidole kupitia simu. Kweli. Bulle akaitaja.

Kisha yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, akadai jambo moja zaidi. Iandikwe fahali ni wa nani.

"Ruweyda hakutaka. Mimi ndiye niliyelazimisha," anasema, na hapa sauti yake inashuka. "Hapa sokoni huwezi kuuza mnyama bila kusema ni wa nani. Mtu atadhani umeiba. Nikasema andika: fahali wa Dayib, wa Hagadera. Nilifikiri ndiyo heshima."

Sokoni jina husemwa wazi na bei hufichwa. Kwenye ukurasa ule vyote viwili vilikaa pamoja, jina juu na bei chini, mbele ya yeyote mwenye simu.

Adhuhuri haijapita, mwenye bucha mmoja wa Mombasa alipiga simu. Hakubishana hata shilingi. Alituma pesa, akatuma na lori. Dayib aliporudi alikuta kila kitu kimekamilika, akambariki Bulle, akaondoka na mfuko wake. Bulle siku hiyo alitembea sokoni kifua mbele, na hata Hamze alimpa mkono.

Furaha hiyo haikulala. Picha ya fahali iliruka kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, kutoka Ifo hadi Elwak, na ilifika nyumbani kwa Dayib kabla ya Dayib mwenyewe. Alipofika alikuta viatu mlangoni na watu wamekaa. Mmoja alikuwa na harusi ya mwanawe. Mwingine, gari lake limekufa njiani. Mwingine ni shemeji, na shemeji huku hana haja ya kueleza sababu. Wote walijua bei hadi mia ya mwisho, na ndugu akijua unacho, huwezi kumwambia huna.

Kulipokucha, zaidi ya nusu ilikuwa imekwenda. Pesa hizo zilikuwa za bintiye Timiro, za kuanza chuo cha uuguzi. Timiro hakwenda. Amebaki nyumbani kusubiri muhula mwingine.

Dayib alimpigia Bulle simu. Hakugomba, na hilo ndilo lililomwumiza Bulle zaidi.

"Aliniambia, 'Bulle, umenivua nguo mbele za watu.' Basi. Akakata," anasimulia. "Nilitamani anitukane. Nilirudisha ada yangu, akakataa. Nimeona aibu maishani, lakini ile, hapana."

Jumatano iliyofuata Dayib alipita mbele yake na ng'ombe mmoja, akamsalimia vizuri, akamkabidhi Hamze.

Unaweza kudhani hapo jambo limeamuliwa, tovuti ni balaa, yaishe. Lakini mwenye bucha wa Mombasa hajui lolote la Timiro. Yeye amefurahi. Anapiga simu kila wiki akitaka fahali wengine kama yule, na ana wenzake wanaotaka pia. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu Bulle ana wateja wanaomtafuta, na anaogopa kupokea simu.

"Kitu kimefanya kazi," anasema, akishika kichwa. "Kingeshindwa, ningejua la kufanya. Kimeleta mteja na kimeniondolea rafiki, siku moja, saa ileile. Sasa ni kizuri ama ni kibaya? Niambie wewe uliyesoma."

Maka anaona mumewe anajisumbua bure. "Kosa si la tovuti," anasema akimimina chai. "Mdomo wake ndio uliotaja bei na jina." Ruweyda naye anasema angepaswa kukataa, na tangu siku hiyo hajala raha. Ukurasa aliufuta jioni ileile Dayib alipopiga simu.

Jumatano ile mwandishi alipokuwapo, baada ya lori la Thika kuondoka, Dayib aliingia sokoni akivuta mbuzi wanne waliofungwa kamba moja. Ni mtu mrefu, mkavu, ndevu zake zimetiwa hina. Hamze akamwona, akanyoosha mkono kupokea. Dayib akampita. Akaja akasimama mbele ya Bulle, wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani na za mvua, na salamu zikaisha. Wote wawili wakatazama chini.

"Ile picha ya fahali," Dayib akauliza, "bado ipo?"

"Imefutwa."

"Kila mahali?"

Bulle akageuka kumtazama Ruweyda, aliyekuwa amekuja kumletea chakula. Msichana akainamisha macho. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Watu wawili watatu walikuwa wamesogea kusikiliza, na miaka kumi na tisa ilikuwa inaning'inia kwenye jibu hilo.

"Walaal, ndugu yangu, sijui," Bulle akasema. "Ukurasa umefutwa. Lakini walioichukua wameichukua. Iko kwenye simu za watu na siwezi kuiondoa. Nisamehe."

Mbuzi mmoja akaanza kutafuna ncha ya kikoi cha Dayib, naye hakumfukuza.

"Niliiona jana kwa jirani," akasema mwishowe. "Ungeniambia imefutwa kila mahali, ningekwenda kwa Hamze." Akamtia kamba mkononi. "Hawa ni wa Timiro. Uza."

Bulle alichukua muda kabla ya kuinua uso. Alipouinua macho yalikuwa mekundu, akasingizia vumbi. Hakuna aliyembishia.

Mbuzi waliuzwa kabla ya jua la utosi. Bulle na Ruweyda walikaa pembeni na chakula ambacho kilikuwa kimeshapoa, na mazungumzo ya tovuti yakaanza upya, maana mwenye bucha alikuwa amepiga simu tena mara mbili. Mbuzi wa Maka hawatauzwa, hilo limepita. Ruweyda atatengeneza ukurasa mdogo, alipwe kidogo kidogo. Hautakuwa na mnyama yeyote, wala bei, wala jina la mfugaji.

"Sasa, adeer, utakuwa na nini?" aliuliza Ruweyda, kalamu mkononi, uso umejaa mashaka.

"Mimi," alisema Bulle. "Jina langu, sura yangu, nambari yangu, na mahali ninaposimama Jumatano. Anayetaka mnyama anipigie, tuongee sisi wawili."

"Na wasipopiga?"

Bulle alikiri kwamba hajui, na kwamba huenda Hamze na majani yake ya kijani wakamzidi tena. Anatumaini kufikia mwezi wa Mfungo Tatu, wa Idi ya kuchinja, awe amepata wanunuzi watano wa kudumu, na Timiro awe ameingia chuoni.

"Nikikosea tena," alimwambia mpwa wake, "afadhali nikosee kwa jina langu, si kwa fahali wa mtu."